Heri Waniite Mlevi

Ndago, Iramba
3 Mei 1954

Dada Dorika,

Shikamoo. Nimefika nyumbani salama, na hilo ndilo neno jema pekee utakalolipata katika barua hii.

Nafanya kama mlivyonifundisha hapo hospitali. Kila jioni kabla ya sindano nakojoa kwenye kikopo, nadondosha matone manane katika ile dawa ya buluu, nachemsha. Wewe ni mhudumu wa wodi, pua yako imeshazoea. Yangu haijazoea. Ule mvuke unaingia kwenye nguo, unaingia kwenye nywele, nikila ugali nauhisi ulimini. Asubuhi nasimama mbele ya watoto arobaini kuwakagua kucha, jioni nachuchumaa kupika mkojo wangu kama mboga. Juzi ulitoka manjano, jana ukatoka rangi ya tofali. Nikiitazama rangi ile nasikia kichefuchefu, maana najua ni mimi.

Nachemshia katika banda la kuku, Elina akiwa amekwenda kisimani. Sindano nayo najichoma humo humo, pajani, kuku wananitazama. Vichupa vya insulini nimevifunga kwa kitambaa kibichi na kuvitia ndani ya chungu nilichokifukia kwenye mchanga, nyuma ya banda. Mke wangu anajua kwamba nilikwenda Singida kutibiwa tumbo. Sijamwambia zaidi ya hapo.

Kuna jambo nimeona aibu hata kukuandikia. Mahali ninapokojoa usiku, asubuhi sisimizi wamejipanga mistari mitatu. Wiki iliyopita Elina aliwakuta, akaruka, akatema mate. Akaniuliza kama kuna mnyama aliyefia pale. Nikamjibu labda ni panya. Dada, panya mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake ameshika jembe.

Nataka kujua mambo mawili. Je, siwezi kuacha kile kipimo cha jioni nikabaki na sindano tu? Na je, nikienda safari? Elina atakwenda Kisiriri kwa wazazi wake kuwasaidia mavuno, nami Jumamosi ya tarehe 22 nitamfuata kwa baiskeli nikamrudishe. Ni mwendo wa saa tatu na kilima.

Mdogo wako,
Naftali


Singida
11 Mei 1954

Naftali,

Marahaba. Nimesoma barua yako wakati wa kula, nikaendelea kula.

Unachukizwa na matone manane ya mkojo wako mwenyewe? Mimi leo tangu alfajiri nimemwaga makopo ya watu kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mama yangu. Wewe uliletwa kwangu mwezi wa pili ukiwa mifupa na macho, unakunywa ndoo ya maji kwa siku, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza. Hapo pua yako haikuchagua harufu.

Kipimo cha jioni usikiache. Ndicho kinachokwambia usiku wako utakuwaje. Ukiona buluu kabla ya sindano, yaani sukari hakuna, punguza sindano na ule upesi. Ukiona tofali, sukari imejaa, choma kama ulivyoandikiwa. Ukishachoma, katika nusu saa chakula kiwe tumboni. Si kiwe jikoni, wala kiwe njiani kuletwa. Tumboni.

Sasa sikiliza habari ya baiskeli. Kazi ya mwili inafanya kazi ile ile ya sindano. Siku ya kulima au ya kupanda kilima, sukari inakwisha yenyewe, ukiongeza na sindano nzima juu yake utaanguka. Siku hiyo choma nusu, na kabla ya kuondoka kula viazi. Weka asali mfukoni katika kichupa chenye kizibo. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, usimwombe mtu ruhusa, lamba.

Vichupa vinne vipya nakuletea kwa dereva wa lori. Vilikuwa katika friji la mafuta ya taa la mzee Jayantilal hapa mjini. Mkewe Champa, mwanamke mwema sana, aliniuliza dawa hii inatengenezwa na nini. Nikamwambia sijui. Ninajua, inatoka katika kongosho la ng'ombe, na wao Wahindu ng'ombe hawamgusi. Nimemdanganya mwanamke wa watu kwa ajili yako, na tangu siku ile nikipita dukani kwake najichukia.

Ndiyo maana nakwambia, mwambie Elina. Uongo mmoja unatutosha katika ukoo huu.

Dada yako,
Dorika


Kisiriri
24 Mei 1954

Kwa binti yangu Dorika,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nakuandikia wewe kwa sababu wazazi wa Naftali walikwisha lala, na wewe ndiwe uliyemlea, ukaja kwangu kumposea Elina. Nilikupokea kwa heshima. Sasa pokea na haya.

Juzi Jumamosi mkwe wetu alifika kwangu jua likiwa limezama. Tulifurahi, tukachinja mbuzi. Aliomba kwanza aende nyuma ya zizi kujisaidia, akakaa huko kitambo. Aliporudi tukamkaribisha chakula, akakataa, ndiyo adabu ya mkwe. Tukamkaribisha mara ya pili, akakataa, nayo ni adabu. Kabla hatujamkaribisha mara ya tatu tuliingia katika sala ya jioni, maana nyama ilikuwa bado ngumu. Nilisoma zaburi mbili na kuombea mavuno, wagonjwa na Malkia.

Katikati ya sala akaanza kucheka. Nikafumbua macho. Alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetoka mtoni, na usiku wa Mei hapa kwetu ni baridi. Mikono inamtetemeka. Nikamwambia, "Mwalimu, tulia mbele za Bwana." Akanijibu, "Wewe mzee, funga redio yako." Binti yangu, mimi sina redio.

Kisha akasimama, akapepesuka, akaingia jikoni kwa mama mkwe wake! Pale ambapo mkwe mume hakanyagi. Akamwita mke wangu kwa jina lake, "Raheli! Raheli!", kama anayemwita mtoto wa jirani. Akakinyakua chungu cha uji wa asali wa wajukuu, akatia mdomo ndani, akanywa kama mbwa. Uji ukamtiririka kifuani. Halafu akalala chini juu ya majivu. Muda si mrefu akaamka, akatazama huku na huku, akaanza kulia na kuomba radhi, lakini alipoulizwa amekunywa wapi, akarudia kuomba radhi tu.

Uji ule tuliwamwagia mbwa. Mke wangu amevunja chungu. Mimi kwa miaka ishirini na mmoja ni mzee wa kanisa, sijapata kuona pombe ikivuka kizingiti changu, na sasa imevuka ndani ya tumbo la mwalimu. Hata nikiandika haya mate yananijaa mdomoni.

Elina atabaki kwangu. Jumapili ya tarehe 20 Juni, baada ya ibada, baraza la wazee wa kanisa litakaa. Nitatoa ushuhuda mwenyewe. Naftali atatengwa na meza ya Bwana, na mlevi hawezi kufundisha katika shule ya misheni. Kama yupo mwenye neno la kumtetea, alilete kabla ya siku hiyo.

Ni mimi katika Kristo,
Samweli, mzee wa kanisa


Singida
31 Mei 1954

Naftali,

Baba mkwe wako ameniandikia. Nimeisoma barua yake nimesimama, kisha nikakaa.

Hukunywa pombe. Wewe pombe ukinusa tu unapiga chafya. Ulipanda kilima kwa saa tatu, ukaenda nyuma ya zizi ukajichoma sindano nzima, halafu ukakaa pale na adabu zako, mara ya kwanza sitaki, mara ya pili sitaki, sukari inakwisha mwilini kama mafuta kwenye taa. Nimesema uongo? Asali ilikuwa wapi? Barua yangu ilikuwa wapi?

Ule uji unaowachefua ndio uliokuokoa. Mwili wako una akili kuliko wewe. Usingetia mdomo kwenye chungu kile, Mzee Samweli angekuwa ameniandikia barua ya msiba.

Chukua karatasi leo hii umwandikie ukweli. Maneno manne tu, ninaumwa ugonjwa wa sukari. Ukishindwa nitaandika mimi.

Dorika


Ndago
8 Juni 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Yote uliyoyasema ni kweli. Barua yako ilikuwa mfukoni. Asali niliiacha mezani, kwa sababu kichupa kilivuja nikakuta sisimizi wameingia mpaka ndani ya mfuko wa koti, na mimi sisimizi siwataki tena karibu yangu. Sindano nilichoma nzima, maana mahali pa kuchemshia hapakuwepo, sikuweza kupima. Nilisikia harufu ya nyama nikadhani chakula ki tayari.

Lakini usiandike. Nakuapia kwa kaburi la mama, ukiandika sitakuita dada.

Fikiri vizuri. Mlevi ni mtu anayeeleweka. Atatengwa miezi sita, atakaa benchi la nyuma, atalia, atatubu, watamshika mkono na kuimba. Mwaka ujao watakuwa wamesahau. Lakini mtu ambaye mkojo wake unaita wadudu, nani atamsahau? Watoto wa shule watanipa jina. Watanyooshea kidole kila kichaka. Watu watasema nimelogwa, wengine watasema siwezi kuzaa, na Elina bado hajashika mimba, kwa hiyo watakuwa na ushahidi. Heri waniite mlevi.

Na Elina mwenyewe. Wewe hukuuona uso wake siku ile alipotema mate. Mimi niliuona. Naweza kuvumilia anione mtenda dhambi. Siwezi kuvumilia anione uchafu, akalala ananipa mgongo, akaosha kikombe changu mara mbili. Najichukia mwenyewe kiasi cha kutosha, sihitaji msaidizi.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi ya tarehe 19 nitakwenda Kisiriri, nikubali kosa, wanitenge, halafu nimwombe Elina kwa magoti. Ili nisianguke tena, sindano ya jioni nimeiacha tangu siku ile. Nachoma ya asubuhi tu. Rangi ni tofali kila siku, kiu imerudi, na suruali nimeifunga kwa kamba. Lakini sitetemeki.

Mdogo wako,
Naftali


Singida
12 Juni 1954

Naftali,

Hicho ulichokiamua kina jina, kinaitwa kujiua polepole. Hali yako ya mwezi wa pili utaifikia tena kabla ya mwezi wa nane, na safari hii sitakuwa na mtu wa kumvusha wodini.

Kuanzia siku utakayopata barua hii, rudisha sindano ya jioni. Choma mezani, sahani ikiwa mbele yako, si nyuma ya zizi la mtu.

Mengine niachie.

Dorika


Singida
12 Juni 1954

Wifi yangu Elina,

Hujambo? Barua hii nimempa dereva aikabidhi mkononi mwako na si mwa mtu mwingine. Isome peke yako kwanza. Kisha msomee mama yako, kwa sababu yeye hasomi na ndiye mwenye jiko. Baba yako msomee mwisho.

Mumeo si mlevi. Anaumwa ugonjwa wa sukari. Ndilo tumbo lile alilokwambia. Kila asubuhi na kila jioni anajichoma sindano, na ataichoma mpaka siku atakayokufa. Wale sisimizi uliowatemea mate ni wake. Harufu ya banda la kuku ni yake, anachemsha mkojo kuona kama una sukari. Amekuficha, ameniapia kwa kaburi la mama yetu kwamba nikisema hataniita dada, nami nasema nikiwa na akili timamu.

Siku ile kwenu sukari ilimwishia. Mtu wa namna hiyo anaongea upuuzi, anatukana, anapepesuka. Hata sisi hospitali tumewahi kumfungia nje mmoja tukidhani amelewa, na namkumbuka mpaka leo.

Ukimwona jasho la baridi, mikono inatetemeka, maneno hayana kichwa, mpe uji wa asali au chai ya sukari papo hapo, akatae asikatae. Akiwa ameshaanguka na hakusikii, usimmiminie kitu kooni, kitampalia. Mlaze ubavu. Chovya kidole katika asali, mpake ndani ya shavu, na kwenye ufizi, tena na tena, mpaka aanze kumeza. Akiamka, apewe ugali.

Jioni ndiyo ya kuangalia. Kama amelima au ameendesha baiskeli, apunguze sindano na ale mapema. Akishachoma, asisubiri mtu. Wala mgeni, wala nyama, wala sala.

Kama ukimaliza kusoma haya utaona huwezi kuishi naye, sitakuja kukusihi. Ila uamue ukiwa unajua.

Wifi yako,
Dorika


Kisiriri
23 Juni 1954

Wifi Dorika,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Niliisoma kisimani, kisha nikaketi juu ya ndoo mpaka wenzangu wakaondoka wote. Jioni nikamsomea mama. Alisikiliza, akasema, "Soma tena pale pa kidole." Nikasoma. Baba hatukumsomea, tulikuwa tunatafuta maneno.

Kesho yake, Jumamosi, Naftali akaja. Alikuwa ameshaipata barua yako, akairudisha sindano ya jioni kama ulivyomwamuru. Lakini alipofika baba alikuwa kanisani akipanga viti vya baraza, nami nimekwenda kusaga. Mama alikuwa peke yake. Unajua wasivyoweza kuketi pamoja. Mama akaingia ndani, yeye akakaa uani kwenye kigoda, mama akampelekea sahani ya viazi kwa mkono wa mtoto wa kaka, naye mtoto akaenda zake kucheza. Akajichoma sindano yake sahani ikiwa magotini, kisha akaanza kula. Hapo kuku akaruka juu ya sahani, viazi vikamwagika mchangani. Na mume wangu akaona aibu kuomba vingine kwa mama mkwe! Akakaa anangoja mimi nirudi.

Sasa mama amekaa hapa karibu nami anasema niandike maneno yake kama alivyoyasema.

"Mimi Raheli nilichungulia nikamwona amelala chini, mate yanamtoka. Nikaita watu, hakuna mtu. Nikakumbuka maneno ya barua. Nikafunika uso kwa kanga nisimwone, lakini huwezi kumpaka mtu asali ukiwa umefunika uso. Nikaiondoa. Nikamgeuza ubavu, nikachovya kidole, nikakiingiza kinywani mwa mkwe wangu. Dorika, nilichefukwa. Meno, ulimi, mate ya mtu mzima ambaye jina langu hapaswi kulitaja. Nilipaka hivyo hivyo huku natema mate pembeni. Mara ya sita au ya saba akameza. Baba Elina akaingia uani akanikuta nimeketi mchangani na kichwa cha mkwe mapajani mwangu, akapiga ukelele. Nikamwambia anyamaze alete ugali."

Baba alileta ugali, wifi. Sijawahi kumwona baba akibeba sahani.

Usiku ule nilimsomea barua yako. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba aione kwa macho yake, akaisoma tena akifuata mistari kwa kidole. Kisha akaniuliza sala yake ya siku ile ilikuwa ndefu kiasi gani. Nikamwambia ukweli. Jumapili alisimama mbele ya baraza akasema alikuwa amejiandaa kumshuhudia uongo mtu mgonjwa, na kwamba kama kuna wa kukaa benchi la nyuma ni yeye. Wazee walimkatalia, lakini amekaa huko mwenyewe. Naftali hajatengwa, wala shule hajanyang'anywa. Watu wameshaanza kusema, na baadhi yao wanasema maneno yale yale aliyoyaogopa. Wengine wanapita nje ya ua wetu wakitazama chini, wanatafuta sisimizi.

Mama amesema desturi ya kukataa mara mbili imekwisha katika nyumba hii, kwa Naftali na kwa wakwe wote watakaokuja. Amesema pia kwamba yeye na Naftali sasa wataonana uso kwa uso, maana kilichokuwa cha kufichana amekishika kwa mkono wake.

Lakini mimi nina langu, na nalisema kwako kwa kuwa kwa Naftali nimekwisha lisema. Nimechukizwa naye kuliko nilivyopata kuchukizwa na kitu chochote. Si mkojo. Tangu arudi kutoka Singida amelala pembeni yangu akijua kwamba jioni moja anaweza kufia kwenye banda la kuku, nami nikamkuta asubuhi nisijue hata kilichomuua. Alinitazama siku moja nikitema mate juu ya wadudu, akakata shauri kwamba ameshanijua. Hakuniuliza. Mtu akikuhukumu hivyo bila kukuuliza, unajisikia umevuliwa nguo. Nilimwambia hayo yote, akalia, nikamwacha alie.

Jana jioni nilichukua kikopo nikampelekea. Akasema, "Elina, usifanye hivyo, ni uchafu." Nikamwambia ajaze. Nikahesabu matone manane, nikachemsha jikoni kwa mama, mlango wazi. Ule mvuke uliponipiga nilikwenda nje nikatapika, kwa kweli nilitapika vibaya, kisha nikanawa nikarudi nikaendelea kuchemsha. Ilitoka kijani, sukari kidogo tu. Akachoma, akala saa ile ile, mama na baba wakiwa wameketi mbele yake, na hakuna aliyejua aangalie wapi.

Jumamosi tunarudi Ndago. Tutakwenda kwa miguu taratibu, na viazi nitabeba mimi.

Barua hii nimempa Naftali aisome kabla sijaifunga. Ameomba nifute ule mstari wa kutapika. Sijaufuta.

Wifi yako,
Elina